Ubingwa Uliojengwa kwa Mitupo Iliyokosa

Mpira unatoka mikononi mwa Dereck Whittenburg akiwa karibu mita tisa kutoka kikapuni, na ukiwa bado hewani unajionyesha kwamba umepelea. Haugusi ringi wala ubao. Chini ya kikapu, Lorenzo Charles, kijana wa mwaka wa pili, ananyoosha mikono, anaudaka juu kwa juu na kuushindilia ndani. North Carolina State 54, Houston 52. Saa imekwisha.

Hiyo ni Jumatatu tarehe 4 Aprili 1983, Albuquerque, New Mexico, ndani ya ukumbi uliochimbwa ardhini ambao wenyeji huuita Shimo. Jim Valvano, kocha wa North Carolina State, anaingia uwanjani mbio, anageuka kulia, anageuka kushoto, kama mzazi aliyepotezana na mwanawe sokoni. Anatafuta mtu wa kumkumbatia. Mwezi mzima huo mtu wake wa kumkumbatia alikuwa Whittenburg, na sasa Whittenburg yuko mikononi mwa wengine.

Kila Machi, michuano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani inapoanza, vipande hivyo viwili hurudi: danki, yaani ule mpira ulioshindiliwa, kisha kocha anayekimbia. Mashabiki wa Raleigh, mji wa chuo hicho, wanavijua kama mtu anavyojua njia ya kwao gizani.

Kilichonikaa kichwani wiki hizi si danki. Ni ule mtupo uliotangulia.

Ulikuwa mtupo mbaya.

Whittenburg mwenyewe alidai kwa miaka mingi, nusu utani, kwamba ile ilikuwa pasi. Tumpe heshima yake, lakini hapana. Na ukishakubali kwamba kikapu kinachopendwa kuliko vyote katika historia ya chuo kile kilianza na mpira uliopelea, unaanza kuitazama safari nzima ya timu ile kwa jicho jingine. Mitupo iliyokosa imetapakaa kila mahali, na mingi ilikuwa ya wapinzani.

Pointi kumi

Whittenburg alivunjika mguu Januari 1983 akakosa mechi 14. Timu ilifika Atlanta, kwenye mashindano ya kanda yao ya ACC, ikiwa imeshinda 17 na kupoteza 10. Kwa rekodi hiyo kiti cha kwenda mashindano ya taifa hakikuwa na uhakika. Njia salama ilikuwa moja tu: kulitwaa kombe la kanda.

Wakaanza. Wake Forest kwa pointi 1. North Carolina, chuo kingine cha jimbo hilo na mabingwa watetezi wa taifa, Michael Jordan akiwa ndani, kwa 7 baada ya muda wa nyongeza. Virginia ya Ralph Sampson kwa 3. Halafu taifa, wakati huo timu 52: Pepperdine kwa 2 baada ya nyongeza mbili, UNLV kwa 1, Utah kwa 19, Virginia tena kwa 1, Georgia kwa 7, Houston kwa 2.

Weka pembeni Utah, Georgia na North Carolina. Zinabaki mechi sita. Jumlisha tofauti za zote sita.

Pointi 10.

Timu iliyochangamka huzifunga kwa dakika nne au tano. Hawa walizigawa katika mechi sita, na kila mechi ilikuwa ndiyo mwisho wa msimu kama wangeteleza.

Faulo kama silaha

Anayetazama video za mechi zile leo bila kujua sheria za wakati ule atachanganyikiwa. Kwa nini timu iliyo nyuma inamshika mpinzani makusudi na kumpa mitupo huru, ile inayopigwa bila kuzuiwa?

Kwanza, mashindano ya taifa ya 1983 hayakuwa na saa ya kulazimisha timu itupe. ACC ilikuwa ikijaribu saa ya sekunde 30 msimu ule, pamoja na mstari wa pointi tatu uliowekwa karibu sana, mita 5.4 hivi. Kwenye mashindano ya taifa vyote viwili havikuwepo. Timu iliyo mbele kwa pointi nne ingeweza kupokezana mpira dakika tatu nzima, na wewe ukabaki mtazamaji kama waliokata tiketi. Kumshika mtu ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuusimamisha muda na kuurudisha mpira.

Pili, mtupo wenyewe. Timu ikifikisha faulo saba katika kipindi, anayechezewa faulo hupewa mtupo wa masharti: ufunge wa kwanza ndipo upewe wa pili. Ukikosa wa kwanza, mpira uko hai na yeyote anaweza kuuchukua. Na mwaka 1983 hapakuwa na kikomo. Sheria ya kutoa mitupo miwili kamili kuanzia faulo ya kumi ilikuja msimu wa 1990–91. Valvano angeweza kufauli mara kumi na tano na bado mpinzani akaambiwa: funga wa kwanza kwanza.

Piga hesabu. Mtu anayefunga asilimia 50 ya mitupo huru, akipewa mtupo wa masharti, huleta wastani wa pointi 0.75. Wa asilimia 60 huleta 0.96. Wa asilimia 80 huleta 1.44. Sasa weka upande wa pili watu wanaotupa kutoka mbali kwa kujiamini, kwa kuwa wamekuwa msimu mzima wakifanyia mazoezi ule mstari wa ACC. Kila kikapu chao ni pointi mbili. Ukichagua mtu sahihi wa kumfauli, pengo linaanza kufungika.

Hapo penye "mtu sahihi" ndipo wengi huharibu. Faulo ya namna hii ina ufundi wake, na inaharibika kwa njia nyingi:

Ukichelewa kushika, sekunde nane zinapotea wakati mpinzani anazungusha mpira hadi kwa mpigaji wake bora. Inatakiwa umvamie mpokeaji wa kwanza, na ujue mapema unataka mpokeaji awe nani. Ukimkumbatia mtu au kumvuta jezi, mwamuzi anaweza kuiita faulo ya makusudi, na hiyo ni mitupo miwili bila masharti. Kwa hiyo mkono lazima uende kwenye mpira, hata kama nia ni mwili. Ukimgusa akiwa anatupa, ni miwili pia. Ukiwa na faulo nne tu za timu, unalazimika kuziteketeza mbili za bure kabla mtupo wa kwanza haujapigwa, na muda unakwenda. Na kila mchezaji ana faulo tano tu, kwa hiyo kocha anahitaji watu wa benchi wenye nafasi ya kuzitumia.

Halafu rebaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Kwenye mtupo huru, walinzi ndio wanaopewa nafasi mbili za karibu kabisa na kikapu, kulia na kushoto. Watu wako wawili warefu wakisahau kuwapa mgongo wapinzani, hesabu yote ya hapo juu ni bure.

Na kumbuka saa ya vyuo wakati ule haikusimama baada ya kikapu kufungwa. Taimauti zilikuwa dhahabu.

Pepperdine ndio walioonja mfumo huu kwanza, Corvallis, Oregon. Walikuwa mbele mwishoni mwa muda wa nyongeza wa kwanza. Dane Suttle, mfungaji wao wa kuaminika, alipelekwa mstarini mara mbili kwa mtupo wa masharti. Mara mbili akakosa wa kwanza. Cozell McQueen wa North Carolina State akasawazisha kwa mpira uliorudi baada ya mwenzake kukosa. Hata kusawazisha kwao kulitokana na mtupo uliokosa!

Shimo

Houston waliingia fainali na ushindi wa mechi 26 mfululizo. Walikuwa na Clyde Drexler, walikuwa na Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyekulia kwenye mpira wa mikono na golini kwenye soka kabla hajagusa kikapu. Katika nusu fainali waliifunga Louisville 94–81 kwa madanki yaliyowaacha watu midomo wazi. Valvano aliwaambia waandishi kwamba vijana wake wakipata mpira wa kwanza huenda wasitupe mpaka Jumanne asubuhi.

Ulikuwa uongo mtamu. Kikapu cha kwanza cha North Carolina State, au State kwa kifupi, kilikuwa danki ya Thurl Bailey.

Mpaka mapumziko State walikuwa mbele 33–25, na Drexler ana faulo nne. Hapa watu huruka haraka, na mimi nadhani ndipo mechi ilipopinda. Drexler akamaliza usiku na pointi 4 tu.

Kipindi cha pili Houston wakafunga 17 kwa 2. Ikawa 42–35 upande wao, na Olajuwon anafanya anavyotaka. Alimaliza na pointi 20 na rebaundi 18, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano ingawa timu yake ilipoteza. Lakini Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Kwenye benchi Olajuwon aliwekewa barakoa ya oksijeni.

Ndipo kocha wa Houston, Guy Lewis, alipoamua kupunguza mwendo.

Mashabiki wa Houston wamelizungumza hilo kwa zaidi ya miaka 40 na hawajalimaliza. Utetezi wake upo: watu wake wamechoka, yuko mbele, hakuna saa ya kutupa, kwa nini akimbie? Ila timu inayocheza taratibu inashikika kirahisi. Valvano alihitaji watu wa kufauli, Lewis akamletea.

Houston walikuwa mbele 52–46. Sidney Lowe na Whittenburg wakatupa kutoka mbali, wakasawazisha. Ikabaki zaidi kidogo ya dakika moja, 52–52, na State wakamchagua Alvin Franklin, mwaka wa kwanza, wakamshika.

Mtupo wa masharti. Akakosa wa kwanza.

McQueen akachukua rebaundi. Usiku ule Houston walifunga mitupo huru 10 kati ya 19. Tisa zilipotea, na fainali iliamuliwa kwa pointi mbili.

State wakaushikilia mpira wapate mtupo wa mwisho. Houston wakabadili ulinzi, mipango ikavurugika, pasi ya Bailey kwenda kwa Whittenburg nusura inaswe na Benny Anders. Kidole chake kingeingia kidogo zaidi, angekuwa peke yake akielekea kikapu cha pili. Whittenburg akaunyakua mpira, akageuka, akatupa kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya.

Yaliyobaki mnayajua.

Basi ilikuwa bahati?

Nimelizungusha swali hili kila upande. Mpigaji wa asilimia 80 anakosa mtupo wa kwanza mara moja kati ya tano. Kukosa mara mbili mfululizo ni nafasi nne katika mia. Kocha hawezi kupanga hilo. Anachoweza ni kumfikisha mtu mstarini, amwache na moyo wake unavyodunda.

Na kuna hili: State walipoteza mechi 10 msimu ule. Hakuna anayezihifadhi kanda za mechi hizo kwa mapenzi. Mbinu ikifaulu tunaiita akili, ikishindwa tunaiita faulo za ovyo.

Kilichonigeuza ni Lorenzo Charles.

Huyu ndiye mtu wa danki, picha yake imeganda hapo juu ya ringi. Lakini rudi nyuma. Mechi ya kwanza kabisa ya safari, Wake Forest, 71–70: mtupo huru wa ushindi, sekunde za mwisho kabisa, ni wa Charles. Kisha robo fainali ya taifa, Ogden, Utah, dhidi ya Virginia, sekunde 23 zimebaki, State nyuma kwa pointi moja. Anayepelekwa mstarini ni Charles, kijana wa mwaka wa pili, na anayemtazama ni Sampson mwenye urefu wa mita 2.24. Akafunga yote miwili. 63–62.

Asingefunga mmoja Atlanta na miwili Ogden, pale Albuquerque angekuwa anatazama televisheni.

Wapinzani walikosa mstarini, kweli. Yeye alifunga iliyohitajika. Hiyo nusu ya hesabu haimo kwenye kipande kinachorudiwa kila Machi, kwa sababu kijana aliyesimama peke yake akidundisha mpira mara tatu kabla ya kutupa hapendezi kwenye tangazo. Usiku wa fainali alifunga pointi 4 tu. Bailey alifunga 15, Whittenburg 14.

Mkasi

Valvano alikuwa na siku moja kila mwaka ya mazoezi bila mpira. Aliwapa wachezaji mkasi wafanye mazoezi ya kukata nyavu.

Mzaha? Ndiyo, na wachezaji wamesimulia kwamba mwanzoni walijiona wajinga. Ila kukata nyavu kuna mambo yake. Wavu wa kikapu huning'inia kwenye vishikizo 12 vya ringi. Kila mtu hupanda, hukata kamba moja, hushuka na kipande chake, na kocha hukata ya mwisho na kuushusha wavu wote. Wa kwanza akipitisha mkasi ovyo, wavu unabaki umening'inia upande na wenzake wanakosa cha kukata.

Desturi yenyewe ni ya nyumbani kwao. Everett Case, kocha wa State aliyetoka Indiana ambako shule za sekondari zilikuwa zikifanya hivyo, ndiye aliyeileta kwenye vyuo mwaka 1947. Kwa hiyo Valvano alikuwa akiwafundisha vijana wa Raleigh jambo ambalo nchi nzima ililipata Raleigh.

Yanayorukwa

Kumbukumbu ya mashabiki ina mkasi wake pia.

Desemba 1989 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliiweka State chini ya uangalizi miaka miwili na kuifungia mashindano ya taifa ya 1990. Miongoni mwa makosa: wachezaji waliuza viatu na tiketi walizopewa bure. Valvano akaondoka 1990. Alifariki kwa saratani tarehe 28 Aprili 1993, miaka 47. Miezi miwili hivi kabla ya hapo alirudi Reynolds Coliseum, ukumbi wa zamani wa State, timu ya 1983 ikitimiza miaka kumi, na waliokuwepo bado huzungumzia jinsi alivyosimama pale huku mwili umekwisha.

Wapenzi wa timu hiyo huruka kutoka 1983 hadi 1993 kama vile hapo katikati palikuwa na usiku mmoja tu. Ninawaelewa. Wala siwalaumu sana.

Lakini viatu. Timu ya chuo iliadhibiwa kwa sababu wachezaji waliuza jozi za viatu. Danki ya Charles imechezwa kwenye matangazo ya mashindano yale yale mwaka baada ya mwaka, bila malipo kwa waliokuwemo ndani yake. Mwaka 2024 wachezaji kumi wa timu ya 1983 walikwenda mahakamani North Carolina kudai haki ya sura na majina yao katika picha hizo. Mwaka 2025 jaji akaitupa kesi, muda wa kudai umepita. Mwaka huo huo, katika shauri jingine, mahakama iliidhinisha karibu dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa vyuo, kuanzia wale wa 2016.

Kuanzia 2016. Hesabu miaka 33 kurudi nyuma.

Charles hakuiona kesi hiyo. Alicheza kidogo NBA, akacheza ng'ambo, akarudi Raleigh akawa dereva wa basi. Alifariki kwa ajali akiwa kwenye usukani, hapo hapo Raleigh, tarehe 27 Juni 2011. Basi halikuwa na abiria. Alikuwa na miaka 47, sawa na kocha wake.

Mei 2016 waliobaki walikwenda Ikulu ya Marekani kupokewa na Rais Obama, ziara ambayo hawakuwahi kuipata mwaka ule wa ubingwa. Wanaume wenye mvi, wamepanga mstari.

Washington, Machi 2024

Miaka 41 baadaye State wamo tena kwenye mashindano ya ACC, wamepangwa nafasi ya kumi, na hawajalichukua kombe hilo tangu 1987. Ili wacheze taifa, lazima washinde mechi tano kwa siku tano. Wameshinda tatu. Nusu fainali ni dhidi ya Virginia. Safari hii nayo Virginia.

Sekunde 5.3 zimebaki. Virginia 58, State 55. State wanamshika mtu, anakwenda mstarini. Kwa wanaume mtupo wa masharti bado uko kwenye sheria: ufunge wa kwanza ndipo upewe wa pili.

Anakosa.

State wanachukua rebaundi. Michael O'Connell anavuka nusu ya uwanja, anatupa kutoka mbali, ubavu. Mpira unagonga ubao, unarukaruka juu ya ringi, unazama. Muda wa nyongeza. State wanashinda 73–65, kesho yake wanaifunga North Carolina na kulitwaa kombe, na wiki mbili baadaye wako kwenye nne bora ya taifa.

Kanda za usiku ule zinaonyesha mpira wa O'Connell ukizama, mara kumi, mara mia. Mtupo huru uliotangulia hukatwa.